Samaki Aliyerudi na Kichwa

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba chumvi ninaijua. Nikiwa mwaka wa pili katika shule ya bweni niliijaza kwenye bakuli la sukari la chumba cha walimu, siku ya Jumatatu, saa nne ya mapumziko, na walimu kumi na mmoja wakanywa chai ile kwa mkupuo. Mwalimu wa hesabu alimeza. Wengine wote walitema, na mmoja wao alitemea madaftari ya darasa letu, jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa dhambi yake na si yangu. Hukumu ilitoka siku hiyohiyo: muhula mzima jikoni, chini ya mpishi wa walimu.

Walidhani wananiadhibu. Mpishi yule alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyeamini kwamba mafuta mengi ni kimbilio la watu wavivu. "Samaki ameshaogelea maisha yake yote," alikuwa akisema, "hana haja ya kuogeleshwa tena kwenye kikaango." Alinifundisha kutandika vitunguu na nyanya chini ya sufuria, kumlaza samaki juu yake kama mgonjwa anayeheshimiwa, kumpaka tangawizi, kitunguu saumu na limau, kumnyunyizia maji kidogo, kufunika, na kisha kufanya jambo gumu kuliko yote: kutofunua. Dakika kumi na mbili, moto mdogo. Mboga dakika tatu tu, zitoke bado zina rangi yake na meno yasikie kitu.

Nilitoka jikoni mwake na jina la utani, Waziri wa Mapishi, ambalo baba alilifupisha likawa Waziri. Nilitoka pia na imani, na imani, kama nitakavyoonyesha, ni kitu cha hatari.

Sasa tuje kwa baba. Baba yangu ni dereva wa lori la mafuta. Ameliendesha miaka kumi na tisa, na kama kuna mtoto aliyeogeshwa na baba yake kwa upole kuliko lile lori linavyooshwa, simjui. Hata akiwa mezani hushika sahani kwa mikono miwili, huku na huku, kama anakata kona. Likizo yangu ndefu ilipoanza nilimkuta nyumbani mchana wa siku ya kazi, ameketi uani, anatazama ukuta. Daktari wa kampuni alikuwa amemfunga kile kitambaa cha mkononi, akapuliza, akatazama, akapuliza tena kana kwamba mashine ndiyo iliyokosea. Presha. Alimpa wiki sita za mapumziko. Ikishuka, anarudi kwenye usukani. Isiposhuka, watamtafutia kazi ya kufungua na kufunga geti. Kumwambia baba yangu akae getini ni kama kumwambia jogoo atage.

Bahati mbaya wiki hiyohiyo mdogo wake mama alijifungua mapacha, tena mbali, na mama ikabidi aende kumsaidia. Mama ni mshonaji, na huongea kama anavyokata kitambaa: mara moja, bila kurudia. Alinisimamisha jikoni begi likiwa tayari mlangoni.

"Bibi yako macho yamechoka, na kwa mwanawe moyo wake ni ugali wa moto," alisema. Bibi, yaani mama yake baba, alikuwa ameketi palepale anamenya vitunguu saumu, akatikisa kichwa kukubali. "Baba yako naye ni baba yako. Kwa hiyo nakuachia wewe. Chumvi ya vidole viwili, mafuta kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Na kila jioni unanipigia unaniambia amekula nini."

"Na mzaha, Mama?"

"Mzaha uache shuleni. Huyo ni mume wangu."

Akaondoka. Mimi na baba tukatazamana. Lazima niseme hapa kwamba utani wote ninaoujua nimefundishwa na yeye. Ndiye aliyenionyesha, nikiwa na miaka sita, jinsi ya kujaza jiwe kwenye ganda la yai na kumpa mjomba alivunje. Ndiye aliyenipa siri kubwa ya kazi hii: "Ukitaka kumchezea mtu, uso wako uwe mlango uliofungwa." Watu wengine hurithi mashamba. Mimi nilirithi uso.

"Waziri," akasema, "kweli utaniokoa?"

"Nitakuokoa, Baba. Lakini uape."

Vitabu vitakatifu hatukutaka kuvichezea, kwa hiyo tuliapa kwa bamia. Kila mmoja alishika bamia moja mkono wa kulia na kutamka kwamba kwa wiki sita hakitaingia kinywani mwake chochote kisichotoka kwenye sufuria ya Waziri. Bibi akawa shahidi. Alisema "amina" kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Nilianza kazi kesho yake asubuhi. Mvua zilikuwa zimekwisha karibuni na soko lilikuwa limefurika: mchicha wa mashada manene, majani ya maboga yenye vinyweleo, karoti bado zina udongo, biringanya zinazong'aa kama viatu vya gwaride, nyanya ambazo muuzaji alikuwa akiwapa watu nyongeza bila kuombwa. Nilikuwa na kanuni moja tu: kilicho kingi sokoni ndicho kitamu leo. Anayetafuta maharage mabichi wakati si wake atapewa kamba za viatu.

Samaki nilinunua kwa Mama Magamba. Jina lake halisi sijawahi kulisikia. Alikuwa na meza yake pembeni mwa barabara, nyuma kidogo ya ukuta wa uani kwetu. Asubuhi aliuza samaki wabichi, na waliobaki mchana aliwakaanga kwenye karai kubwa, wakanukia mtaa mzima. Mikono yake ilikuwa na magamba mpaka kwenye viwiko, na alicheka kwa mwili wote.

"Shikamoo, Mama Magamba."

"Marahaba, Waziri. Leo nikupe yupi?"

"Macho yawe maangavu. Na fungua shavu nione matamvua yake, yawe mekundu."

"Toba! Unaolewa naye au unamla?" Akainua shavu la samaki, nyama ile ya ndani ikawa nyekundu kweli. "Haya. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakonda, Mama. Jana amenionyesha mkanda, umeingia tundu jingine."

"Usiniambie!" Akacheka mpaka kisu kikatetemeka mkononi. Mimi nikachukulia kwamba ni furaha ya jirani mwema.

Kila mchana nilipika. Samaki na mchicha Jumatatu, samaki na biringanya za kuchoma Jumanne, majani ya maboga na karoti zilizokatwa nyembamba, limau nyingi mahali pa chumvi, pilipili manga, pilipili hoho. Baba hakula mezani. Tangu zamani hula uani kwenye benchi lake karibu na ukuta, kwa sababu dereva wa masafa hula peke yake barabarani na mazoea yana tabu. Kwetu sahani ya baba hupakuliwa kwanza, hufunikwa na sahani nyingine, na Bibi huipeleka. Hakuna anayeigusa wala kuifunua njiani. Ndivyo ilivyokuwa kabla sijazaliwa.

Mimi si mjinga. Mwizi humjua mwizi. Kila sahani iliporudi niliikagua kama polisi wa mpakani: mboga zimekwisha, samaki amekwisha, mifupa ipo, uti wa mgongo upo, kichwa kipo, mkia upo. Mifupa ilikuwa na rangi ya kahawia kidogo, nikasema ni nyanya. Naye baba alikuwa akirudi ndani anajipapasa tumbo.

"Waziri, leo umenimaliza. Sikujua majani yanaweza kuwa matamu hivi."

"Kweli, Baba?"

"Ningekudanganya mimi?"

Jioni nilifungua daftari langu na kumsomea mama kwenye simu. "Jumatano. Samaki wa mvuke, majani ya maboga, karoti. Sahani imerudi tupu. Shahidi: Bibi." Kulikuwa na kelele za watoto wawili wachanga upande ule, kisha mama akasema, "Hongera, mwanangu." Mama hajawahi kuniambia hongera bila kwanza kugeuka kutazama nyuma yake kuna nini. Nililala na neno lile kama mtu aliyepewa shuka mpya.

Wiki nne zilipita hivyo. Wiki ya tano, siku ya Alhamisi, Bibi aliamka na mafua, akaomba supu. Nikamkata samaki kichwa, nikakichemsha na tangawizi nyingi kwa ajili yake, na kiwiliwili nikakilaza kwenye sufuria kama kawaida. Nikapakua sahani ya baba, nikamfunika samaki kwa mchicha, nikafunika sahani. Bibi, pamoja na mafua yake, akaibeba.

Nusu saa baadaye sahani ilirudi. Niliikagua. Mboga zimekwisha. Uti wa mgongo upo. Mkia upo. Kichwa kipo.

Nilikitazama kichwa, kichwa nacho kikanitazama kwa jicho moja lililoungua. Kilikuwa cheusi, kikavu, chembe za chumvi zimekigandia kwenye shavu. Nilisoma shule ya bweni, nimefundishwa sayansi, na hakuna mwalimu hata mmoja, hata yule aliyemeza, aliyewahi kuniambia kwamba samaki aliyepikwa anaweza kuota kichwa akiwa njiani kwenda uani.

Nikaenda kwa Bibi. "Bibi, kichwa chako kiko wapi?"

"Kiko mabegani, mjukuu wangu. Kwani umekihitaji?"

"Cha samaki, Bibi."

Akanionyesha bakuli. Kilikuwamo, cheupe, laini, kimefyonzwa vizuri. Kisha macho yake yakaenda kwenye sahani niliyoishika, yakakaa pale, na yakashuka chini polepole.

Kesho yake nilipika kama kawaida, nikafunika sahani, nikamkabidhi, kisha nikatoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka nyumba na kujikunja nyuma ya tangi la maji.

Kazi ilikuwa safi, hilo nalisema kama mtaalamu. Baba aliketi kwenye benchi. Bibi alisimama kwenye mlango wa jikoni akiwa ameupa ua mgongo, analinda. Baba akakohoa mara tatu. Juu ya ukuta zikatokea sahani tupu na kifurushi cha gazeti, na nyuma yake uso wa Mama Magamba. Baba akafunua sahani yangu, akamimina kila kitu, samaki, mchicha na rojo lake, kwenye sahani ya Mama Magamba, bila hata kutazama ni nini. Halafu akafungua gazeti. Samaki wa kukaanga, mkubwa, mafuta yamepenya mpaka kwenye habari za michezo. Akamla kwa mikono miwili, anakata kona.

Na Mama Magamba alikula samaki wangu amesimama, viwiko juu ya ukuta. Mwanamke anayeshinda juu ya karai la mafuta alikuwa amechoka kuyanusa mafuta. "Wallahi huyu mtoto anajua kupika," akasema na kinywa kimejaa. "Wiki nne hizi mwenzio nguo zote zinanipwaya." Basi ndiye aliyekuwa akikonda. Nilimponya mtu, ila si yule niliyeapa naye.

Nikatoka nyuma ya tangi.

Mama Magamba alizama nyuma ya ukuta kama jua la jioni. Bibi akageuka na kusema haraka haraka, "Mwanangu alikuwa anakonda!"

"Bibi, anatakiwa akonde!"

Baba alinitazama, kidole chake bado kinang'aa mafuta. Kisha akacheka. Alicheka kama tulivyocheka siku ya mjomba na yai, na kufungua mikono ili nije tucheke wote. "Waziri! Mwanafunzi kapikwa na mwalimu! Sema kweli, si nimekupata?"

"Tangu lini, Baba?"

"Ah, mara mojamoja tu."

"Bibi?"

"Kila siku," akasema Bibi, ambaye hajui kudanganya kwa haraka. "Tangu ile Jumanne ya kwanza."

Jumanne ya kwanza. Tuliapa Jumapili. Biringanya zile nilizichoma moja moja, nikaungua kidole gumba, na yeye akasema zimemkumbusha utoto wake.

Nilitaka kucheka. Utani ulikuwa mzuri, ungekuwa umefanyiwa mtu mwingine ningeuandika ukutani bwenini. Lakini midomo ilikataa. Nilisema tu, "Nilimwambia Mama umekula. Kila jioni nilimwambia." Mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nasema kweli kila siku, kumbe kila siku nadanganya.

Baba alipoona uso wangu, wake ukabadilika. Akafunga gazeti na kulitupa juu ya ukuta, ambako mtu alisema "Aa!" Akanishika mabega. "Nisamehe, mwanangu. Zimebaki siku saba. Nitakula chako, hapahapa mezani mbele yako. Na Mama yako tusimwambie kwenye simu, atapata wasiwasi akiwa na watoto wachanga. Eh?"

Nikakubali. Jioni ile nilisoma kwenye simu, "Ijumaa. Amekula vizuri," na huo ndio ukawa uongo wangu wa kwanza kwenye daftari lile, nilioufanya kwa macho wazi.

Siku zile alikula mezani. Siku ya kwanza alitafuna mchicha kama mtu anayetafuna barua. Siku ya tatu aliuliza, "Hiki kilichotiwa humu ni nini?" nikasema limau, akasema hm. Siku ya nne aliongeza bila kuombwa. Akatusimulia mambo ya barabarani, mlima ambao malori huupanda kwa gia ya kwanza saa nzima, na alivyowahi kulala siku mbili nyuma ya nyani waliokaa barabarani. Siku ya tano alimenya karoti mwenyewe. Siku ya sita niliona kwamba nimeshamsamehe, na sikukumbuka ni lini.

Ijumaa tukaenda kwa daktari wa kampuni. Nilibeba daftari kwa sababu daktari alikuwa ameagiza aletewe orodha ya chakula. Chumba kilikuwa kidogo, kina mizani, meza, na picha ya moyo uliokatwa katikati. Daktari alimfunga baba kitambaa, akapuliza. Tukasubiri. Akapuliza tena.

"Mia na sabini na mbili kwa mia na nne," akasema. "Mzee, hii haijashuka. Hii imepanda ngazi."

Mikono ya baba ilikuwa juu ya magoti, vidole vimekunjwa, kama vimeshika kitu cha duara.

Daktari akachukua daftari, akafunua ukurasa mmoja, kisha mwingine, akaanza kusoma kwa makini. "Hiki ndicho chakula hasa," akasema. "Samaki wa mvuke, mboga za msimu, mafuta kijiko kimoja. Ningekuwa na mtu wa kunipikia hivi... Nani amepika?"

"Huyu binti yangu," akasema baba.

"Sasa kama ulikula haya kwa wiki sita, presha hii inatoka wapi?"

Nilikuwa tayari. Nilijua baba atasema, kwa aibu kidogo, labda kwa mzaha, kwamba alikuwa akiiba. Nilikuwa hata nimepanga jinsi nitakavyomtetea: daktari, siku hizi za mwisho ameanza kupenda, mpe nafasi.

Baba akakohoa. "Daktari, nasikia haya kusema. Mtoto huyu ana utani. Shuleni aliwahi kutia chumvi kwenye chai ya walimu wote, wakamwadhibu. Mimi chakula nilikuwa nakiona kina chumvi, nikanyamaza nisimvunje moyo. Kumbe ndiyo michezo yake."

Nilimgeukia. Uso wake ulikuwa mlango uliofungwa.

Daktari aliweka daftari mezani, mbali kidogo na mkono wake, kama kitu kilichomwagikiwa. "Ni kweli ulitia chumvi kwenye chai ya walimu?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na kwenye chakula cha baba yako?"

Ningeweza kusema. Kichwa cha samaki, tangi la maji, Mama Magamba, yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini niliitazama ile mikono juu ya magoti na nikaliona geti. Nikaona baba amevaa koti la mlinzi, anafungua, malori yanapita, anafunga. Nikafunga mdomo. Daktari akachukulia vile kila mtu anavyochukulia: mwenye kunyamaza amekubali.

"Huyu ni baba yako, si mwalimu wako," aliniambia taratibu, na upole ule ulinichoma kuliko viboko. Akaandika. Vidonge, siku thelathini nyingine za mapumziko, kisha vipimo vya mwisho. "Na mpishi abadilishwe."

Kwenye ukumbi wa nje baba alinikumbatia kwa mkono mmoja, karatasi ikiwa kwenye mkono mwingine. "Waziri, umenivusha!"

"Umesema ni mimi."

"Ni maneno ya ofisini tu yale. Daktari kesho hatakukumbuka hata sura. Mimi ningesema nini, kwamba nakula ukutani kama paka? Wangenipa funguo za geti leoleo."

"Na Mama?"

"Mama yako niachie mimi. Nitamweleza yote, taratibu. Si ndiyo?"

Nikamwachia, na simu ya jioni ile akapiga yeye.

Mama alirudi Jumapili asubuhi, wiki mbili kabla ya siku aliyopanga. Niliposikia begi linawekwa chini nikatoka mbio kumpokea, mikono ina unyevu wa kuosha mchicha. Hakunipa begi. Alipita mpaka jikoni, nikamfuata. Baba alikuwa ameketi mezani na Bibi.

"Chumvi," mama akasema. "Kwenye chakula cha baba yako."

Nilimtazama baba. Nilidhani hajapata nafasi ya kumweleza, kwamba daktari labda ndiye aliyepiga simu. "Kakuambia nani, Mama?"

"Kaniambia baba yako mwenyewe, Ijumaa jioni. Nilishindwa kulala. Kila siku unanisomea daftari, mimi huku naringa kwa mdogo wangu na majirani, binti yangu, binti yangu! Nikakuambia hongera." Sauti yake ilikatika hapo, na mama si mtu wa kukatika sauti. "Mzaha wote nimekuvumilia. Huu unaua."

Nikasubiri. Niliwapa muda wa kutosha, nawaapia. Bibi alikuwa anazihesabu punje za kitunguu saumu ambazo zilikuwa nne. Baba aliinua kichwa akatazama dari, akalitazama kwa muda mrefu kana kwamba kuna taa ya barabarani imewaka nyekundu huko juu.

"Kuanzia leo usiguse sufuria," akasema mama.

Nikaweka kisu mezani. Nikafungua aproni na kumkabidhi.

Nilichojifunza jikoni mwa walimu mama alikijua bila kupewa adhabu. Alimtandikia samaki vitunguu na nyanya, akafunika, akachemsha mchicha dakika tatu. Nilimtazama nikiwa nimeketi kwenye kona, mikono mapajani, kama mgeni. Alipomaliza alipakua sahani ya baba kwanza, akaifunika. Baba akainuka kuelekea uani. Bibi akanyoosha mikono kuipokea.

Siku thelathini, nikawaza. Sahani thelathini juu ya ukuta, na sasa kama presha itapanda hakutakuwa na mtoto wa kusingiziwa. Watampa geti, au hata geti hataliona.

"Mama," nikasema, "asile nje. Mwache ale hapa."

Ni hayo tu niliyosema. Mikono ya Bibi ilibaki hewani. Baba alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Mama alinitazama mimi, akamtazama Bibi, akamtazama mumewe, taratibu, kama anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Na wakati huohuo, kutoka upande wa ukuta, mtu akakohoa. Mara tatu.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Mafua," akasema Bibi.

Mama akatoka. Tulisikia ndara zake zikivuka ua, kisha sauti mbili za kike, moja kavu, nyingine inayocheka bila raha. Aliporudi alikuwa ameshika kifurushi cha gazeti kinachotoa mafuta. Akakiweka katikati ya meza.

"Hiki ni cha nani?"

Baba akanitazama. Mtazamo ule niliujua. Ulikuwa uleule wa kwenye chumba cha daktari, ukiniomba nibebe tena, mara moja tu, ya mwisho. Nikautazama mchicha.

Mama hakuuliza mara ya pili. Alivuta kiti, akafunua sahani ya baba, akaisukuma mbele yake. Kisha akapakua nyingine, akamwagia rojo juu yake mpaka mwisho wa sufuria, akaniletea mimi kwenye kona yangu, na kabla ya kuniachia akaniwekea mkono kichwani, mzito, ukakaa pale.

"Njoo mezani, mwanangu," akasema.

Nikaenda. Tukala wote wanne, kifurushi kikitoa mafuta katikati yetu. Baba alikula samaki mpaka mfupa, mboga mpaka jani la mwisho, kichwa ameinamisha. Chini ya meza mguu wake ulisogea ukagusa wangu, polepole, mara moja, halafu tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua wenyewe wamo ndani.

Nikaivuta miguu yangu, nikaikunja chini ya kiti, nikaendelea kula.